Maswali ya Wasomaji: Nimeokoka, Mbona Bado Ni Yule Yule?

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini ukizisoma mfululizo utadhani waandishi wake walikaa pamoja wakashauriana. Wote wamemwamini Kristo katika miaka miwili hivi iliyopita, na wote wanauliza, kila mmoja kwa namna yake, mtu aliyeongoka aishije kama mtu mpya ilhali mwili, kumbukumbu, madeni na jamaa zake ni vile vile vya zamani. Nimezifupisha barua zenyewe na kuondoa yale ambayo yangeweza kuwatambulisha walioziandika.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Niliokoka miezi minane iliyopita baada ya miaka mingi ya ulevi na hasira. Siku ile niliongozwa sala ya toba, nikalia, nikasikia mzigo umenitoka, na kwa wiki kadhaa hata hamu ya pombe sikuwa nayo. Mwezi uliopita nilimtukana mdogo wangu kwa maneno yale yale niliyoyazoea zamani, na wiki mbili baadaye nikanywa. Sasa kila nikisikia mahubiri juu ya kiumbe kipya najiona mnafiki. Je, niliokoka kweli au nilijidanganya? Niongozwe tena sala ya toba, niokoke upya?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi: hapana, huhitaji kuokoka mara ya pili. Unahitaji kutubu, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo waamini wachanga wengi huyachanganya, na mara nyingine sisi tunaowafundisha ndio tuliowachanganyia.

Neno ulilolisikia katika mahubiri limo katika 2 Wakorintho 5:17, linalosema kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya na ya kale yamepita. Wengi tumelipokea neno hilo kama maelezo ya jinsi mtu anavyojisikia baada ya kuokoka, kwamba hamu ya dhambi imekauka na tabia imegeuka, basi siku hamu inaporudi tunahesabu kwamba upya wenyewe umeondoka. Hebu tazama Paulo alikuwa akiwaandikia nani. Kanisa la Korintho lilikuwa na makundi yaliyovutana, lilikuwa na ndugu walioshtakiana mbele ya mahakimu wasioamini, na katika 1 Wakorintho 11:21 tunasoma kwamba walipokusanyika kwa chakula cha Bwana huyu alikuwa na njaa na huyu amelewa. Amelewa, ndugu yangu, mezani pa Bwana. Hao ndio watu ambao mtume, katika mistari ya mwanzo kabisa ya barua hiyo hiyo, amewaita waliotakaswa katika Kristo Yesu na walioitwa wawe watakatifu. Hakungoja wanyooke ndipo awaite hivyo. Aliwaita hivyo kwanza, ndipo akaanza kuwakemea, na makemeo yake yote yalipata nguvu kutokana na jina lile alilowaita mwanzoni.

Mpangilio huo unaonekana wazi zaidi katika Waraka kwa Waefeso, wenye sura sita. Katika tatu za kwanza Paulo anaeleza jinsi Mungu alivyowachagua wasomaji wake, alivyowahuisha pamoja na Kristo na kuwaleta karibu wao waliokuwa mbali, na karibu hawaamuru kufanya lolote isipokuwa kukumbuka walivyokuwa zamani (2:11). Amri zinaanza kumiminika katika sura ya nne: uvueni uongo, mwibaji asiibe tena, uchungu na ghadhabu na matukano yaondoke kwenu. Nimekaa na waamini wachanga kwa muda mrefu, na wengi wao nimewaona wakiusoma waraka huo kinyumenyume. Wanaanzia sura ya nne, wanajipima, wanajiona wamepungua, kisha wanaamua kwamba sura ya kwanza haikuandikwa kwa ajili yao.

Lugha anayoitumia Paulo hapo ni ya mavazi: kuvua utu wa zamani na kuvaa utu mpya (4:22-24). Mtoto havalishwi nguo ili awe mtoto wa nyumba ile. Anavalishwa kwa sababu tayari ni wao, na akijichafua huvuliwa, akaogeshwa, akavikwa tena, wala hakuna mzazi anayefikiri kwamba sasa inabidi mtoto yule azaliwe upya. Wakristo wa kale waliyaweka maneno hayo mbele ya macho ya watu. Katika karne ya 4 waliobatizwa usiku wa Pasaka walivikwa mavazi meupe, wakayavaa juma zima, kisha wakayavua na kurudi kwenye nguo zao na kazi zao za kila siku. Zile wiki zako za kwanza, ulipokuwa hata hamu ya pombe huna, zilikuwa kama vazi lile jeupe. Zilikuwa za kweli na umshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini ubatizo wa wale watu haukuisha siku vazi lilipovuliwa, na wokovu wako haukuisha siku hamu iliporudi.

Wala usidhani kwamba jambo hili limekupata wewe peke yako. Augustino aliongoka mjini Milan mwaka 386, akabatizwa na Askofu Ambrosio katika Pasaka ya mwaka 387. Miaka kama 10 baadaye, naye akiwa askofu, aliandika maungamo yake, na humo alikiri mbele ya wasomaji kwamba picha za maisha yake ya zamani bado zilimjia usingizini, akamsihi Mungu amponye. Hakusema kwamba basi hakuongoka. Martin Luther naye, mwanamatengenezo wa Kanisa kule Ujerumani, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, aliandika kwamba Bwana wetu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Tunakosea tunapoifanya toba kuwa mlango ambao mtu huupita mara moja tu akausahau.

Nisikufariji kupita kiasi, hata hivyo. Matusi uliyomtolea mdogo wako yalimwumiza, na hakuna fundisho juu ya neema linaloweza kufanya yasiwe yamemwumiza. Mwendee. Taja maneno uliyoyasema, usiseme tu kwamba ulijaribiwa au kwamba adui alikuingilia, kwa sababu kinywa kilikuwa chako. Huenda asikuamini mara moja, kwa kuwa ameshakusikia ukiomba radhi mara nyingi kabla hujaokoka, na hana namna ya kujua kwamba safari hii ni tofauti isipokuwa kwa kukuona siku baada ya siku. Mpe muda huo bila kumlaumu.

Kuhusu pombe, nakuomba uitenge na hasira unapoitafakari. Mtu aliyekunywa kwa miaka mingi huenda mwili wake wenyewe umezoea kilevi, na mazoea hayo yanahitaji tabibu pamoja na maombi. Ukiona umerudia kunywa kila siku, usijaribu kuacha ghafla peke yako chumbani kwa kufunga na kuomba, maana mnywaji mkubwa anayeacha kwa ghafla anaweza kupatwa na mtetemeko, hata degedege, na hali hiyo inaweza kuua. Mwone daktari na umweleze kweli yote. Kisha chagua mtu mmoja aliyekomaa katika imani, mmoja tu, ambaye unaweza kumpigia simu kabla hujainywa, maana Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi na kuombeana, na dhambi inayofichwa kwa aibu hupata mahali pa kukua.

Jambo moja la mwisho kwako. Katika Warumi 6:11 tunaambiwa tujihesabu kuwa wafu kwa dhambi na walio hai kwa Mungu katika Kristo Yesu. Neno lililotumika katika Kiyunani ni lile ambalo watu walilitumia katika mahesabu. Mtunza hesabu haandiki kwenye daftari fedha anazotamani ziwepo, anaandika zilizopo. Unapoamka asubuhi, kabla hasira haijapata sababu, jihesabu hivyo kwa maneno ya kinywa chako, kwa kuwa ndivyo ilivyo tayari. Ukingoja hadi jaribu likukute, utakuwa unalitafuta daftari nyumba ikiwa inaungua.

SWALI: Kabla ya kuamini nilikuwa nikitunza fedha mahali fulani pa kazi, na kwa muda wa miaka mitatu nilichukua kidogo kidogo. Hakuna aliyenigundua. Mwenzangu mmoja alishukiwa akaachishwa kazi. Nimeokoka, nimebatizwa, na wapendwa niliowadokeza wananiambia nisijisumbue, kwani ya kale yamepita na damu ya Yesu imefuta yote. Mbona bado sina amani?

JIBU: Huna amani kwa sababu Roho wa Mungu anakupenda wewe, na anampenda pia yule mwenzako. Wapendwa wako wamekuambia sehemu ya kweli wakaiacha sehemu nyingine. Hatia yako mbele za Mungu imesamehewa, na hakuna kiasi cha fedha utakachorudisha kitakachouongeza msamaha huo. Lakini fedha zile zilikuwa za watu, na jina zuri la mwenzako lilikuwa la kwake, navyo vyote viwili bado havijawarudia wenyewe.

Soma habari ya Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, katika Luka 19 polepole, uangalie lipi limetangulia. Bwana alimwita kwa jina na kuingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja, na watu wakanung'unika kwa ajili hiyo. Ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo aliposimama akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Torati ilimtaka mtu aliyeungama mwenyewe kosa la namna hiyo arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7), na malipo ya mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza (Kutoka 22:1). Zakayo hakushurutishwa na mtu, naye alichagua kipimo kile kizito. Mtu anayelipa ili akubaliwe hutafuta kiasi cha chini kabisa, lakini aliyekwisha kukubaliwa hana sababu ya kubana.

Mfano mwingine ni ule waraka mfupi kwa Filemoni. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni aliyekuwa ametengana na bwana wake, apokelewe kama ndugu mpendwa, na bado hasemi kwamba hasara yoyote iliyotokea isahauliwe kwa kuwa sasa wote ni wa Kristo. Anasema iandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa. Deni lilitajwa, likapata mlipaji.

Nikushauri namna ya kufanya, maana toba ya haraka isiyopangwa inaweza kuwaumiza wasiohusika. Kama una mwenzi wa ndoa, awe wa kwanza kuambiwa, kwa sababu matokeo yatamfikia. Kisha mwone mwanasheria, umweleze kwamba huji kutafuta njia ya kukwepa, unataka kujua njia iliyo halali ya kuungama na kurudisha. Huenda yakawako matokeo mbele ya sheria, na siwezi kukuahidi kwamba hayatakuwako. Katika yote hayo, neno la kumsafisha mwenzako lisiwe la mwisho. Fedha zinaweza kulipwa kwa awamu kadiri ya kipato chako, na ni afadhali uahidi kidogo ukakitimiza, lakini yeye kila mwezi unaopita anaubeba wizi wako juu ya jina lake, na pengine ananyimwa kazi kwingine kwa sababu hiyo. Utakapomwomba radhi, usimtake akusamehe papo hapo. Waefeso 4:28 haikomi katika kumwambia mwibaji asiibe. Inamtaka afanye kazi kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji. Baada ya wewe na mimi kumlilia Mungu kwa ajili ya mtu huyu, mhitaji wako wa kwanza anajulikana.

Najua pia kwamba kuna mambo ambayo dhamiri huchelewa kuyaona. John Newton, nahodha Mwingereza, alimgeukia Mungu katikati ya dhoruba baharini mwaka 1748, na bado aliendelea kusafiri na meli za biashara ya watumwa hadi mwaka 1754, kisha ikapita miaka mingine 34 kabla ya kuchapisha kijitabu cha kuishutumu biashara hiyo mwaka 1788, ambamo alikiri mwenyewe kwamba ungamo lake limechelewa. Simtaji ili nimhukumu, kwani ushuhuda wake uliwasaidia waliopigania kukomesha biashara hiyo. Namtaja kwa sababu wewe umeona ndani ya miaka miwili. Usiruhusu mtu yeyote, hata ndugu katika Bwana, akubembeleze ulale tena.

SWALI: Mume wangu hajaamini. Tangu niokoke hatuelewani. Anasema mke aliyemwoa ameondoka na amebakia mtu wa kumhubiria. Kanisani nipo siku tano kwa wiki, na baadhi ya akina mama wananiambia mwamini hawezi kukaa na mtu wa dunia, niondoke. Nampenda mume wangu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kaa na mume wako. Swali hili liliulizwa tangu zamani, na Paulo alilijibu katika 1 Wakorintho 7: mwamini mwenye mwenzi asiyeamini, ambaye yu radhi kukaa naye, asimwache. Naye Petro aliwaandikia wanawake waliokuwa katika hali kama yako kwamba waume wasiolitii Neno waweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo wa wake zao (1 Petro 3:1). Pasipo neno. Naona maneno hayo mawili yanakuhusu sana, kwa sababu mume wako ameshasikia mahubiri ya kutosha, na kile asichokiona ni mke.

Hebu fikiri jambo hili linavyoonekana kutoka upande wake. Siku tano kati ya saba jioni zako zina mwenyeji mwingine. Ukirudi una furaha ambayo hakushirikishwa, una maneno mapya asiyoyajua, na kuna watu wanaojua siri za nyumba yake kwa sababu zimeombewa kwenye kikundi. Mtu yeyote angeona kwamba amenyang'anywa, na akiisha kuona hivyo atamhesabu Kristo kuwa ndiye aliyemnyang'anya. Yule mtu aliyetolewa pepo katika Marko 5 alimsihi Yesu afuatane naye, na ombi lake lilikuwa jema, lakini Bwana hakumruhusu. Alimwambia aende nyumbani kwake kwa watu wa kwao. Kwenda na Yesu chomboni kungekuwa rahisi kuliko kurudi kwa watu waliomjua akiwa makaburini.

Kwa hiyo zungumza na mchungaji wako upunguze siku hizo, ibaki ibada ya Jumapili na siku nyingine moja ambayo mume wako mwenyewe ataifahamu na kuikubali. Mambo uliyoyapenda pamoja naye ambayo hayana dhambi ndani yake, yarudie. Acha kuzipeleka kasoro zake kwenye vikundi vya maombi. Akikuuliza juu ya imani yako, mjibu kwa upole, kwa kifupi, kisha unyamaze. Hutakiwi kwa hayo yote kuificha imani yako wala kukubali kushiriki lililo ovu, na akikutaka ufanye lililo dhambi unaweza kukataa bila kupandisha sauti.

Neno moja zaidi, ambalo barua yako haikuligusa lakini siwezi kuliacha kwa ajili ya wengine watakaosoma. Mke anayepigwa hakuagizwa na Paulo wala na Petro abaki akipigwa ili ampate mume kwa mwenendo wake. Aende mahali salama kwanza, na atoe taarifa ya jambo hilo. Anayemwambia avumilie kwa kuwa ameokoka anayatumia Maandiko vibaya.

SWALI: Niliishi maisha ya mtaani, na tangu niokoke miezi mitano iliyopita naitwa kila mahali kutoa ushuhuda. Nimegundua kwamba kila ninaposimama, maisha yangu ya zamani yanazidi kuwa mabaya. Nilipigana mara tatu, sasa nasema nilikuwa jambazi. Watu wanalia na kushangilia. Wiki iliyopita niliombwa niwe kiongozi wa vijana. Moyo unanisuta.

JIBU: Mwanangu, naomba unikubalie nikuite hivyo, moyo unakusuta kwa haki, na ninakuheshimu kwa kuliandika jambo ambalo wengi wetu tumelifanya na kulizika. Uongo unaosemwa madhabahuni unabaki kuwa uongo, hata kama umemaliza kwa haleluya. Tena umeanza kuishi kwa jina la zamani: kinachokupa nafasi mbele ya watu ni yule jambazi ambaye hata hakuwepo, na usipoangalia utamhitaji kila wiki ili ujione kuwa mtu.

Lawama kubwa, kwa maoni yangu, ni ya wanaokuita. 1 Timotheo 3:6 inakataza mtu aliyeongoka karibuni asiwekwe kuwa mwangalizi, yaani askofu, asije akajivuna na kuanguka, na ingawa kiongozi wa vijana si askofu, hatari ni ile ile. Paulo mwenyewe, aliyekutana na Bwana kwa namna ambayo hakuna ushuhuda wetu unaoifikia, anasimulia katika Wagalatia 1 kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ikapita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu, na huko alikaa na Kefa, yaani Petro, siku kumi na tano tu. Alipojaribu kuambatana na wanafunzi walimwogopa, wasisadiki kwamba naye ni mwanafunzi, hadi Barnaba alipomchukua. Hakuna aliyemharakisha jukwaani.

Mwambie mchungaji wako kwamba huwezi kuupokea uongozi huo mwaka huu, na umweleze sababu halisi. Pale ulipotia chumvi, omba nafasi fupi usahihishe. Watu watashtuka kidogo, kisha baadhi yao watakuamini kwa mara ya kwanza. Halafu nyamaza kwa muda, ujifunze Maandiko, ujifunze kazi. Timotheo hakuwa na historia ya mtaani hata kidogo: imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kama 2 Timotheo 1:5 inavyosema, na hakuna mahali Paulo anapomdai kisa cha kusisimua. Umepigana mara tatu, ukaokolewa. Hilo linatosha kusimuliwa.

SWALI: Je, ni lazima nibadilishe jina langu ili nihesabiwe Mkristo kamili? Naambiwa Sauli aliitwa Paulo mara tu alipookoka.

JIBU: Si lazima. Waliokuambia hivyo wasome tena kitabu cha Matendo. Baada ya kuongoka, katika sura ya 9, anaendelea kuitwa Sauli, na ni katika sura ya 13, mstari wa 9, akiwa Kipro katika safari ya kuhubiri, ndipo mwandishi anapotaja kwamba yeye ndiye Paulo, kama mtu mwenye majina mawili. Tena katika Wafilipi 2:25 tunakutana na Epafrodito, ambaye jina lake limetokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani, na Paulo anamwita ndugu yake, mtenda kazi pamoja naye na askari mwenzake, bila kugusa habari ya kumbadilishia jina. Yapo makanisa yenye desturi ya jina la ubatizo, na ni desturi njema. Kama kanisa lako linaifuata, chagua jina la mtu ambaye imani yake ungependa kuiiga, ulipokee kwa shukrani. Nyumbani mama yako ataendelea kukuita kwa lile alilokupa yeye, nawe umwitikie.